Bitana ya Shangazi

Nilikuwa nimekata uzi wa nne pochi ilipoanza kumwaga. Mwanzo nikadhani ni mchanga wa Mikindani, maana kule mchanga unaingia hadi kwenye kikopo cha chumvi. Nikaugusa kwa ncha ya kidole. Haukuwa mchanga. Vilikuwa vipande vyembamba, vyepesi kama maganda ya kitunguu saumu, rangi ya chai ya rangi. Nilipojaribu kuokota kimoja kikavunjika viwili, kisha vinne, kisha kikabaki vumbi kwenye mistari ya kidole changu. Nikazima feni. Nikakaa pale na wembe mkononi, nguo ya mteja ikiningoja kwenye cherehani, nikijua nimeshaharibu.

Mimi ni fundi, nina cherehani mbili Mtwara mjini. Kufumua ndiyo nusu ya kazi yangu: sare za shule zinaongezwa urefu, magauni ya harusi yanapunguzwa, suruali za mitumba zinabanwa. Sikumbuki mara ya mwisho niliogopa wembe. Siku ile niliogopa.

Pochi ni ya Bibi, mama yake baba. Ukiiweka kiganjani inakifunika chote na kubakiza ncha za vidole. Nje ni hariri nzito iliyofumwa maua madogo. Mdomo wake ni wa madini yenye rangi ya fedha, unaofungwa kwa vigololi viwili vinavyopishana: tak! Sisi wajukuu tuliijua sauti hiyo hata tukiwa uani. Ilimaanisha Bibi anatoka, na sufuria la ming'oko linabaki bila mlinzi.

Ndani imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Upande mmoja kuna mfuko wa kioo, na kioo chake kipo, mgongo wake umevikwa hariri ileile ya nje. Pembeni kuna ala nyembamba ya kichana, na kichana chake kipo. Katikati kimelala kibeti cha sarafu. Halafu kuna kijumba cha nne, chembamba kama kidole cha mtoto, ambacho hakina mwenyewe. Pochi za namna hii zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya matembezi ya jioni, karamu na dansi, kila kitu na mahali pake, na kwenye kijumba kama kile ungeweza kukuta kalamu ndogo ya risasi au kichupa cha manukato. Bibi aliweka kijiti chake cha wanja. Doa jeusi lipo hadi leo.

Ukiitazama haraka hariri ya nje utasema ni ya kahawia. Lakini toa kioo mfukoni ukigeuze. Mgongo wake ni zambarau, zambarau ya tunda lililoiva hadi likapasuka, kwa sababu jua halikuwahi kuufikia. Pochi nzima ilikuwa ya rangi hiyo. Mara ya kwanza kuligundua hilo nilikuwa na miaka tisa, na nilichapwa, kwa kuwa pochi ile ilikuwa haiguswi.

Ilifikaje Mikindani, kwa Bibi? Hapo ukoo unagawanyika.

Wanaoujua mji wa Mtwara kwa gesi na korosho husahau kwamba mji huu ulichongwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na karanga za Nachingwea zikahitaji reli na bandari ya kina kirefu. Babu akapata kibarua kwenye ujenzi. Bibi akapata kazi ya kumfulia na kumpigia pasi memsabu mmoja, mke wa mtu wa mpango. Karanga zikagoma. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo baada ya kuzamisha mamilioni ya pauni, na watu wakaanza kufunga mizigo. Bandari ilikuja kumalizika karanga hazipo. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ukimwambia kijana wa Mtwara kwamba hapa palikuwa na treni anadhani unamtania.

Katika kufunga mizigo huko ndiko pochi ilikobadili mikono. Baba alisimulia kwamba ilikuwa zawadi. Shangazi anasimulia kwamba ilitolewa badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Bibi mwenyewe nilimsikia akisema tu "ile niliyopewa", na Kiswahili chetu kinakuruhusu kupewa vitu vingi.

Bibi hakuwahi kuweka noti mle. Pesa yake aliifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu kama kokwa, akalichomeka kiunoni, na hakuna mwizi wa Mikindani aliyewahi kulifikia. Pochi ilibeba vitu vingine: wanja, kitambaa cha jasho, tambuu, na wakati wa unyago, kwa kuwa Bibi alikuwa kungwi, ilibeba vitu ambavyo havisemwi hapa. Nilipokuja kusoma habari za pochi za Ulaya nilicheka peke yangu. Wanawake wa kule nao walikuwa na kibindo. Katika karne ya 18 walijifunga mifuko ya kitambaa kiunoni, chini ya sketi zao pana, na pesa, funguo na sindano vikakaa humo. Karne ilipokaribia kwisha, magauni yakawa membamba, yanashuka mwilini kama maji, na mfuko chini yake ukawa unatokeza kama uvimbe. Ndipo kibindo kikatoka nje, kikatiwa kamba, kikashikwa mkononi. Pochi zote hizi tunazozihangaikia leo zimetoka kwenye ajali hiyo ya mitindo. Bibi alikuwa na kanga, na kanga haijawahi kumlazimisha mtu kutoa kibindo nje.

Sasa kwa nini nilishika wembe.

Nyumba ya Mikindani inavuja. Bati zimeoza kwa hewa ya chumvi, na kila masika ndugu tunatumiana picha za mabeseni. Rafiki akaniunganisha na mnunuzi wa vitu vya kale aliyeko Dar es Salaam. Nikamtumia picha kwa simu. Akajibu haraka kuliko nilivyotarajia, kwamba pochi ni nzuri, kwamba vitu vyake vya ndani kuwa vimekamilika karibu vyote ni nadra, ila "imechezewa sana". Akaorodhesha: utepe badala ya mkufu, zipu ya plastiki kwenye kibeti, na zaidi ya yote lile bitana la kanga, yaani kitambaa kilichoshonwa kwa ndani. Niondoe vitu vilivyoongezwa, irudi ilivyokuwa, halafu tuzungumze bei.

Maneno yake yaliniingia kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote. Kwenye ukoo wetu ilijulikana kwamba Shangazi ndiye aliyeiharibu pochi ya Bibi. Alitoa hariri akaweka kanga. Ilisemwa kwenye misiba, ilisemwa kwenye mahari, na mama yangu, ambaye hakupatana naye sana, aliisema hata pasipohusika. Mnunuzi asiyemjua yeyote kati yetu alikuwa ametoa hukumu ileile.

Kabla ya kufumua niliisoma pochi kama ninavyosoma nguo yoyote iliyopita kwa mafundi wengine. Nyuzi hazisemi uongo. Chukua kipande kidogo, kishike kwa kibano, kichome. Hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika. Pamba inanuka karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Utepe wa begani umeshikizwa kwa uzi wa pamba, mishono mirefu ya mkono yenye fundo kubwa mwanzoni. Huyo ni Bibi mwenyewe. Mafundo yake ninayajua kutoka kwenye foronya. Pete mbili za mkufu wa zamani bado zimo mdomoni mwa pochi. Ulikuwa mkufu mfupi wa kuning'iniza kwenye kifundo cha mkono, na mwanamke mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni hana kifundo cha mkono cha kukitolea mapambo. Akaweka utepe mrefu, akauvalia shingoni chini ya kanga.

Zipu ya kibeti ni poliesta mtupu, na imeshonwa kwa mashine. Huyo ni mama yangu. Kibeti kilikuwa na mdomo wake mdogo wa madini, ukavunjika, na hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980 ambapo dukani hata kiberiti kilikuwa habari. Zipu aliitoa kwenye suruali ya baba. Baba alikuwa akiilalamikia suruali ile hadi uzeeni. Ndani ya kibeti nilikuta senti kumi moja ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Bibi angeiita hela, kama alivyoita sarafu zote, neno tuliloachiwa na Wajerumani na heller zao walizozileta mwaka 1904, pamoja na boma lao pale Mikindani ambalo baadaye liligeuzwa hoteli ya watalii.

Bitana nalo lilinichanganya. Uzi wa pamba, mishono midogo sana, sawasawa kama imepimwa kwa rula. Vijumba vyote vinne vilikuwa vimekatwa upya kwa kanga na kushonwa kwa vipimo: cha kioo, cha kichana, mahali pa kibeti, na hata kile chembamba kisicho na mwenyewe. Hilo lilipaswa kunisimamisha. Mtu anayeharibu hahangaiki kumshonea chumba mgeni asiyemjua. Lakini nilikuwa ninazifikiria bati.

Nikakata. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

Kilichomwagika kilikuwa bitana ya kwanza. Shangazi hakuitoa. Aliiacha palepale ilipo akaifunika na kanga, kama unavyomfunika mtu shuka. Na sindano yake haikuigusa hariri hata mara moja. Mdomo wa pochi za aina hii una safu ya vitobo vidogo pembezoni, ambamo kiwandani huvushwa uzi wa kushikilia kitambaa. Shangazi alivivusha vilevile, kitobo kwa kitobo. Kanga ilining'inia kwenye madini, na uzito wote wa kioo, kibeti, tambuu na siri za unyago ukabebwa na kanga na madini. Hariri ya nje haikubeba kitu. Ndiyo maana ipo.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Nitaeleza kwa ufupi kwa mafundi wenzangu, kwa sababu kuna siku mtaletewa kitu cha namna hii.

Uzi wa hariri ukitoka kwa kiwavi una gundi. Ili ung'ae na kuwa laini lazima uchemshwe kwa sabuni, na gundi ikiondoka uzito unapungua kwa karibu robo. Hariri iliuzwa kwa uzito. Hiyo robo ilikuwa hasara ya mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda hapendi hasara popote alipo. Kwa hiyo tangu karne ya 19 wakawa wanaichovya hariri kwenye chumvi za madini, hasa za bati (tin, siyo bati la paa), ikazinywa na kurudisha uzito wake, wakati mwingine na ziada kubwa. Mteja aliipenda. Ilikuwa nzito, ilikuwa na ule mchakarisho unaosikika mtu akipita, na ilikuwa nafuu. Bitana nyingi zilitengenezwa hivyo. Lakini madini yale huula uzi kutoka ndani. Mwanga na unyevu vinaharakisha, ila hata ukiifungia kabatini itapasuka yenyewe, kwanza kwenye mikunjo, kisha kila mahali, mistari mirefu iliyonyooka kama imechanwa kwa wembe. Haishoneki, kwa sababu kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko mwingine. Wataalamu wa makumbusho wakiipata wanachofanya ni kuilaza juu ya kitambaa kingine na kuifunika kwa kingine chepesi, wasiivute wala kuifua.

Yaani walichofanya ni alichofanya Shangazi kwa kipande cha kanga.

Na jambo jingine likaniingia usiku huohuo. Kichana chetu ni kifupi, chembamba, kina maandishi MADE IN FRANCE. Nchi kuandikwa kwa Kiingereza kwenye bidhaa ya Kifaransa ni dalili ya kitu kilichotengenezwa kwa soko la nje, na tangu 1890 Marekani ilidai kwa sheria kila bidhaa inayoingia kwake iandikwe ilikotoka. Ufupi wake nao unazungumza: baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa Ulaya walikata nywele, na nywele fupi zikahitaji kichana kidogo cha kutembea nacho. Basi mwaka 1951 pochi ile ilikuwa tayari mzee, na inawezekana kabisa bitana lake lilikuwa limeshaanza kuchanika. Memsabu alimpa Bibi kitu kilichokuwa kinakufa. Sisemi alijua. Lakini nikifikiria habari ya mshahara wa mwezi wa mwisho, damu inanichemka kidogo.

Kichana hicho ndicho kilichobeba hofu yetu yote ya utotoni. Pochi ilinuka karafuumaiti. Ukiifungua tu, inakupiga puani, ile harufu ya siku ya kuoshwa maiti. Tuliambiwa, au tulijiambia, kwamba Bibi amejiwekea tayari, kwamba mle ndani kuna vitu vyake vya kuzikiwa. Binamu yangu mmoja hadi leo hapiti mbele ya kabati lile. Kumbe ni kichana. Kimetengenezwa kwa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kale kabisa, inayopatikana kwa kuchanganya pamba iliyotiwa asidi ya naitriki na kafuri, na kafuri ndiyo karafuumaiti yenyewe. Sugua kichana kwa kidole gumba hadi kipate joto, unuse. Ufaransa kuna mji, Oyonnax, ulioishi kwa kutengeneza vichana vya namna hii. Wafaransa walivinusa bila kuwaza kaburi.

Tuliogopa kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, maana seluloidi inayozeeka ni hatari kweli. Inashika moto kwa pupa, na ikianza kuoza inatoa mvuke wa asidi. Madini ya mdomo wa pochi yamepata ukoga wa kijani upande mmoja tu, na upande huo ndio wa ala ya kichana. (Madini yenyewe yamepigwa chapa ALPACCA, ambayo ni shaba, nikeli na zinki. Fedha hakuna hata chembe. Sonara mmoja alimwambia Bibi hivyohivyo zamani, Bibi akahama sonara.) Kichana hakikutumika hata siku moja, meno yake yasingeweza kuingia kwenye nywele za Bibi labda kwa mapigano. Kilikaa miaka yote kikiwa kizima, kikiwatafuna majirani zake. Ukiwa nacho, kitoe, kiweke peke yake panapopita hewa, mbali na jiko, usikifungie kwenye mfuko wa nailoni.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Lindi, kilomita 100 na ushee. Pochi niliilaza kwenye boksi la viatu, nimeipakata kama yai. Vumbi la bitana nilikuwa nimelikusanya kwa karatasi na kulitia kwenye kopo la dawa. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapochepuka, vijana wakaingiza korosho dirishani hadi kwenye boksi langu, nikawafokea kama kichaa. Abiria mwenzangu akauliza nimebeba nini. Nikasema bitana.

Shangazi anakaa karibu na bahari, nyumba ya bati la zamani lisilovuja, naye hachoki kunikumbusha kwamba Lindi ilikuwa mji wakati Mtwara ni kichaka. Nikamwamkia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hicho kiboksi cha nani?"

Nikakifungua. Hakugusa kwanza. Aliangalia kanga iliyoning'inia nusu, nyuzi nne zilizokatwa, akanitazama.

"Nani amefumua?"

"Mimi."

"Na wewe ni fundi."

Nikamweleza yote, chumvi za bati, uzito, makumbusho, vitobo. Alisikiliza huku anachambua mchicha. Nilipofika kwenye karafuumaiti mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo miaka yote tumeogopa kichana," akasema. Akaendelea na mchicha.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Kwa nini alikubali ukoo mzima umwite mharibifu, hadi mama yangu kwenye harusi yangu mwenyewe. Akachukua muda. Akasema bitana ilianza kumwagika siku Bibi amekwenda nayo kwenye shughuli ya watu wakubwa. Akafungua pochi mbele za wenzake, vipande vikamwangukia mapajani. Bibi alikuwa amejisifia pochi ile kwa miaka. Ya hariri, ya Ulaya, ya fedha. Akarudi nyumbani akamwita Shangazi, ambaye alikuwa bado hajaolewa na mkono wake wa sindano ulikuwa unasifiwa, akamwambia: ishone, na watu wakiuliza, wewe ndiye uliyeichana.

"Nikamwambia sawa mama."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Sasa ulitaka aseme imeoza? Angetazamwaje?" Akanyoosha mkono. "Nipe miwani. Na sindano unayo, au umekuja na wembe peke yake?"

Tulishona alasiri nzima, au niseme nilishona mimi naye akanifumulisha mara tatu. Macho yake hayaoni tena kitobo lakini kidole chake kinakijua. Alinikataza kuvuta uzi hadi mwisho. Unauacha upumue kidogo, alisema, kitambaa kikae kama kimeegemea, kisikae kama kimefungwa. Tulipofika upande wa kioo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitazama vizuri, kwa sababu kipo chini kabisa, kioo kinakificha, na kimekaa kichwa chini. Ni herufi. Kanga imekatwa penye jina lake, na yaliyobaki ni haya: KOHOZI HAYAWE.

Hakuna msomaji wa pwani anayehitaji kumaliziwa. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

"Shangazi, hii ilikuwa kanga ya nani?"

"Yangu. Ya Urafiki, zilikuwa zimetoka karibuni." Kiwanda kile cha Dar es Salaam, tulichojengewa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa mwaka 1968, kwa hiyo hesabu zinakubali. "Ilikuwa nzito, nzuri. Siyo hizi zenu za kuchuja."

"Ulinunua mwenyewe?"

"Vuta uzi taratibu."

Nikavuta uzi taratibu. Nikamaliza kitobo cha mwisho, nikafunga fundo. Kioo kikarudi mfukoni, kibeti na zipu yake ya suruali kikarudi katikati, kijiti cha wanja kikarudi kwenye kijumba chake. Kichana tulikiweka kwenye bakuli la udongo dirishani. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili akiuliza kama nimesafisha. Nikazima simu.

Lakini kanga inauzwa doti, pande mbili. Mimi ni fundi, siwezi kuona upande mmoja nisiutafute wa pili.

"Shangazi, upande mmoja ulikata bitana. Upande wa pili ulimpa nani?"

Shangazi alinitazama juu ya miwani, akafungua mdomo kunijibu, akapaliwa. Alikohoa hadi mjukuu akaja mbio na kikombe cha maji.